Shimo Jeusi Ndani ya Wavu wa Omena

Walimu wenzangu wa idara ya sayansi, hasa nyinyi wadogo mnaonisumbua kwenye simu: nimeketi sasa, nimeshika kalamu. Mlisema nikistaafu nisihamie Nyamasaria na maneno yangu kama mtu anayeondoka na funguo za stoo. Haya, maneno ndiyo haya. Kama mnatafuta habari za vyeo, hazimo. Nilipandishwa, nikasahauliwa, nikapandishwa tena, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeelewa nyota kwa sababu ya cheo changu. Nitawaambia habari za taa, za wavu, na za somo ambalo watu wazima walitaka kulizika huku mimi mwenyewe nimesimama palepale nikitazama. Tulishinda. Nalisema mapema ili msome kwa raha.

Mimi ni mtoto wa Kibuye. Mama yangu alishuka kutoka Nyeri na mzigo wa sahani za bati, akafungua kibanda katika soko hilo la Kisumu, na mimi nikakulia chini ya meza yake nikisikia Kijaluo, Kikuyu na Kiswahili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo nilipotumwa kufundisha fizikia katika shule hii ya wasichana huku Seme, karibu na Kombewa, nilijiona mwenyeji kabisa. Asubuhi ya kwanza niliwasalimia wamama waliokuwa wakiuza ndizi langoni kwa Kijaluo changu cha sokoni. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

"Madam Wambui, wewe unaongea kama mtu anauza kitu," aliniambia.

Na mpaka leo ndivyo ninavyoongea. Mwalimu asiyejua kuuza atafundisha nini?

Maabara ilikuwa na kabati moja kubwa lililofungwa, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya kabati. Msiniulize ulifikaje humo; niliuliza mimi, nikaambiwa ni hadithi ndefu. Mbuzi wa jirani walikuwa wakipumzika kwenye veranda, na hawakuona sababu ya kuondoka kwa kuwa mwalimu mpya amefika. Wanafunzi wa fizikia wa kidato cha tatu walitoshea wote kwenye benchi moja, na mkoba wangu ukapata nafasi pembeni. Wenzao walikuwa wamelikimbia somo mapema. Waliambiwa nyumbani kwamba fizikia ni ya wavulana, na shuleni hakuna aliyewaambia vingine.

Mkuu wa idara siku hizo alikuwa Mwalimu Opondo, mtu mrefu, mkimya, shati lake limenyooshwa kama la kwenda kuposa. Alikuja kukaa nyuma ya darasa kwenye somo langu la kwanza, ambalo lilikuwa juu ya shinikizo. Nilijaza ubao kutoka kona hadi kona. Kengele ilipolia alinyanyuka polepole, akautazama ubao wangu kwa heshima kubwa.

"Umefundisha vizuri sana, Madam," akasema. "Ubao umeelewa."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, hilo mnalijua. Lakini Opondo hakuwa mtu wa kukutania halafu aende zake. Alinipeleka chini ya kivuli cha maabara, akaniambia jambo ambalo nimelitumia kila siku ya kazi yangu tangu hapo: "Usianze na ubao. Anza na kitu ambacho hawa wasichana wamekishika kwa mikono yao. Hesabu itakuja nyuma, hiyo haina haraka."

Basi nikaanza kuwauliza wasichana wanashika nini nyumbani. Wengi wao baba zao walikuwa wavuvi wa omena, na wote walitaja karabai. Kwa nyinyi mliozaliwa juzi: omena huvuliwa siku zisizo na mwezi. Mashua zinatoka na taa, wale samaki wadogo wanafuata mwanga, na wavu wenye matundu madogo unapita chini yao. Taa yenyewe ilikuwa karabai. Haina utambi wa kuwashwa tu ukaenda zako. Mafuta yako kwenye tangi chini, unapiga pampu, hewa inayasukuma juu, joto linayageuza mvuke, na mvuke unawaka ndani ya kifuko cheupe mpaka huwezi kukitazama. Ukiacha kupiga pampu, mwanga unafifia. Ukilegeza skrubu ya hewa, unazima palepale.

Niliposikia hayo nilisimama nikapiga meza. Hiyo ilikuwa nyota! Nilikuwa nimeitafuta kwenye vitabu vya chuo, kumbe iko bichi, kule ufuoni kwa wavuvi, inasafishwa na watoto kila mchana kwa kitambaa kikuukuu.

Sasa, maisha ya nyota na mashimo meusi hayakuwa kwenye silabasi yetu. Opondo aliniambia, "Kwa silabasi hakuna. Kwa Ijumaa mchana, baada ya somo la mwisho, sijui kinachoendelea." Nikachukua hiyo Ijumaa mchana nikaifanya yangu. Niliweka karabai mezani, nikamwita msichana mmoja aiwashe, na kila mwaka niliuliza swali lilelile.

"Kwa nini haizimi?"

"Kwa sababu kuna presha, Madam."

"Na nyota kwa nini haizimi?"

Ndipo nilipowaambia. Nyota ni gesi nyingi kupita kiasi, iliyojikusanya kwa uzito wake yenyewe. Uzito huo unataka kuiponda kuelekea ndani. Katikati kuna joto kali, haidrojeni inaungana inakuwa heliamu, na joto hilo linasukuma kuelekea nje. Wawili hawa wanasukumana kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, hakuna anayemshinda mwenziwe. Huko kusukumana ndiko tunakoita nyota. Siku mafuta ya ndani yakiisha, uzito hauna tena wa kuuzuia.

Kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyeuliza kama nyota kubwa inaishi zaidi, kwa kuwa ina mafuta mengi. Swali hilo nililipenda kama chai ya saa nne.

"Umeona jiko la harusi?" ningemuuliza.

"Nimeona."

"Kuni lori zima. Na jioni?"

"Majivu, Madam."

"Na jiko la nyanya yako?"

"Makaa kidogo tu. Lakini asubuhi unapata moto."

Basi wameelewa. Nyota ndogo inakula kidogo kidogo, inadumu. Ikizeeka inavimba na kuwa nyekundu, inavua nguo zake za nje, inabaki kijiwe cheupe cha moto kinachopoa taratibu. Wataalamu wanakiita kibete cheupe. Nyota kubwa inakula kwa fujo. Ikimaliza haidrojeni inachoma heliamu, halafu kaboni, halafu oksijeni, inapanda hivyo mpaka inafika kwenye chuma. Chuma hakichomeki. Ukikiunganisha hakikupi joto, kinakunyang'anya. Basi katikati ya nyota panaporomoka kwa ghafla, na tabaka za nje zinarushwa kwa mlipuko ambao unaweza kuonekana kutoka ng'ambo ya anga. Kinachobaki kikiwa na uzito wa kiasi, ni nyota ya nyutroni. Kikizidi hapo, hakuna kitu duniani wala mbinguni cha kukishikilia. Kinajibana mpaka hata mwanga ulio karibu hauwezi kutoka. Hilo ndilo shimo jeusi.

Nilifundisha hivyo miaka mingi. Wasichana wakanibandika jina Madam Karabai, wakidhani sijui. Opondo akastaafu, akaniachia idara na kabati, ambalo tulikuwa tumeshalivunja. Benchi likawa mabenchi mawili, likarudi moja, likawa mawili tena. Hatukuwa tunakufa, lakini hatukuwa tunanenepa.

Halafu akaja Adhiambo.

Adhiambo alikuwa msichana wa bichi, mikono yake ya mtu aliyevuta wavu tangu utotoni, sauti yake ya mtu aliyezoea kuita mashua. Alipofika kidato cha tatu aliniambia waziwazi kwamba anataka kwenda chuo kikuu asomee nyota. Si udaktari, si uhasibu. Nyota. Kwa hilo alihitaji fizikia, bila fizikia mlango huo haukuwepo. Na mwaka wake ndio mwaka dunia ilipooneshwa ile picha ya kwanza ya shimo jeusi. Nilileta gazeti darasani, likazunguka kutoka mkono hadi mkono: duara la moto, weusi katikati.

"Madam, hii ni mandazi imeungua," mmoja akasema.

Adhiambo hakucheka. Alilishika lile gazeti muda mrefu mpaka wenzake wakamnyang'anya.

Likizo ikafika, akaenda nyumbani, na huko ndugu zake wadogo wakamuuliza shimo jeusi ni nini. Akatafuta kitu walichokiona kwa macho yao, kama nilivyomfundisha, akapata nyakoi. Nyakoi ni ile nguzo ya upepo na maji inayoshuka kutoka wingu hadi ziwani, inazunguka, inatembea juu ya maji ikinyanyua samaki na chochote kilicho mbele yake. Akitokea, watu wa ufuoni wanapiga sufuria na makopo kwa nguvu zote ili aondoke. Ndivyo walivyofanya babu zao. Adhiambo akawaambia wadogo zake: shimo jeusi ni kama nyakoi wa mbinguni, anameza kila kitu, hata mwanga.

Yawa! Haikupita siku nyingi, mchana mmoja wingu jeusi likatanda na nyakoi mwenyewe akashuka mbali ziwani. Bichi nzima ikatoka na sufuria. Katika zile kelele mtoto akapaza sauti, "Ndilo lile shimo la Madam wa Adhiambo!" Nyakoi akaisha, kama anavyoisha siku zote. Maneno hayakuisha. Yalitoka bichi moja yakaenda ya pili, na ungeuliza hata Port Victoria kule mbali nina hakika wangekuambia waliyasikia. Watu walisema lile shimo linameza mwanga, kwa hivyo litazifuata taa za omena. Giza la mwezi lilipofika, mabaharia waligoma. Mashua zikalala mchangani zimepinduliwa, na zilizo nyingi zilikuwa za Mzee Okumu.

Mzee Okumu alikuwa baba yake Adhiambo. Tena alikuwa mwenyekiti wa chama cha wazazi wa shule yetu.

Siku ya kufungua shule nikaitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mzee Okumu alikuwa ameketi, kofia juu ya goti, uso umekunjwa.

"Madam, mimi sina ubaya na wewe," akaanza. "Lakini hii kitu unafundisha imelaza mashua yangu."

"Mzee, mimi sijatuma mtu alaze mashua. Mimi nimefundisha nyota."

"Hiyo nyota iko na shimo. Watu yangu wanaogopa. Mtoto wangu analala akisema jua itakufa. Hiyo ni kusoma namna gani?"

"Jua litakufa, ndiyo. Lakini si kesho!"

"Unaona?" akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Anakubali."

Mwalimu Mkuu alikuwa mama mwenye busara na mzigo mkubwa. Alinieleza kwa upole kwamba shule imekuwa ikifikiria jambo hili zamani. Wasichana wa fizikia ni wachache, chumba kinahitajika kwa somo la upishi, na mimi ningeweza kwenda kwenye hisabati. Siku ya wazazi, suala lingewekwa mbele ya wazazi wote. Wakisema somo lifungwe, lingefungwa palepale, na wa kidato cha tatu wangehamishiwa masomo mengine.

Nilitoka ofisini. Nilikwenda maabara, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira, kilio kile cha mtu anayetaka kupiga kitu. Adhiambo alinikuta huko. Habari zilikuwa zimemfikia, kwa sababu katika shule ya bweni ukuta una masikio kuliko watu.

"Madam, mimi ndiye nilisema nyakoi," akaniambia. "Wacha niwaeleze mimi."

"Baba yako ndiye mwenyekiti. Unajua ukishindwa umeshindwa mbele ya nani?"

"Najua. Nikishindwa sina fizikia, na sina pa kwenda. Kwa hivyo afadhali nishindwe nikiongea."

Nikamtazama. Nikakumbuka Opondo na ubao wake ulioelewa. "Basi hatutaandika chochote," nikamwambia. "Mwambie mama yako alete karabai, kipande cha wavu wa omena, na ile mizani ya kupimia samaki. Na boga."

"Boga, Madam?"

"Boga kubwa."

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Tulikuwa tumetundika blanketi za bweni madirishani, kwa hivyo mchana ule wa jua kali ndani kulikuwa giza, na wazazi waliingia wakigongana na kuombana radhi. Mzee Okumu aliketi mbele na kamati yake. Nyuma kabisa nilimwona Opondo, shati limenyooshwa vilevile, amekuja bila kualikwa na mtu.

Adhiambo alisimama akawasha karabai. Alipiga pampu mpaka ukumbi wote ukawa mweupe na watu wakafunika macho. Akaeleza kusukumana kwa uzito na joto, kwa Kiswahili chake cha bichi, bila neno hata moja la kuringa nalo. Kisha akalegeza skrubu ya hewa. Ssss. Giza.

"Nyota imekufa," akasema gizani. "Na hakuna mtu ameumia."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Tukafungua blanketi moja. Akawaita wamama wa mstari wa mbele washike wavu, mmoja kila pembe, wauvute mpaka ukaze. Akaweka boga katikati, wavu ukabonyea. Akachukua ndimu, akaibingirisha karibu na ukingo. Ndimu ikazunguka boga, ikazunguka tena, ikachoka, ikaangukia katikati.

"Boga ni jua. Ndimu ni sisi, ila sisi hatuchoki, kwa sababu angani hakuna wavu wa kusugua. Uzito wa jua ndio unatufanya tuzunguke. Sasa Baba, kuja upime hii boga."

Mzee Okumu hakutaka kuinuka, lakini alikuwa ameitwa na mtoto wake mbele ya watu, na alikuwa ameitwa kwenye mizani. Kwa mizani ya samaki yule mzee hakuwahi kudanganywa na mtu. Akaja. Akatundika boga, akatazama mshale. Kisha Adhiambo akampa nanga ndogo ya mashua na vipande vya chuma, akamwambia aongeze mpaka mshale ufike palepale. Mzee akaongeza, akapunguza, akaongeza, huku amekunja uso kama yuko sokoni.

"Imelingana," akasema.

"Uzito ni moja?"

"Ni moja. Mimi nimepima mwenyewe."

Adhiambo akafunga vile vyuma pamoja, kifurushi kidogo kama ngumi, akakiweka katikati ya wavu mahali pa boga. "Hii ndio jua imebanwa mpaka imekuwa shimo jeusi. Sasa Baba, bingirisha ndimu pale kwa ukingo, mahali tunakaa sisi."

Mzee Okumu akabingirisha. Ndimu ikapita vilevile, kwenye njia ileile ya kwanza, ukingoni mwa wavu. Akaichukua. Akabingirisha tena. Ikapita vilevile. Mara ya tatu akainama kabisa, pua yake karibu na wavu, akifuata ile ndimu kwa macho.

"Sasa mbona haivutwi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Inavutwa kama zamani tu. Uzito haujaongezeka, Baba. Wewe umepima. Ukikaa mbali, hiyo shimo haikufanyi kitu. Ukienda karibu kabisa, hapo ndio wavu umeingia chini, hapo hutoki."

"Kwa hivyo haiji kukutafuta."

"Haikutafuti. Mimi nilisema ni nyakoi, na nilikosea. Nyakoi anatembea kwa ziwa anakukuta kwa mashua. Shimo jeusi haifuati taa ya mtu. Iko mbali kabisa, na ina kazi yake."

"Na jua yetu?"

"Jua yetu ni ya makaa, si ya lori la kuni. Haina uzito wa kuwa shimo. Itavimba, itapoa, itabaki kijiwe cheupe. Lakini hiyo siku iko mbali sana, mpaka wajukuu wa wajukuu wetu hawatajua omena ilikuwa nini."

Mama mmoja aliyeshika pembe ya wavu akapaza sauti, "Na sufuria je? Tupige ama tuwache?"

"Nyakoi mpigieni mnavyotaka, Mama. Shimo jeusi haisikii."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mzee Okumu hakucheka. Alikuwa ameinua kile kifurushi cha chuma kutoka kwenye wavu, anakigeuza mkononi.

"Na hii chuma," akauliza polepole, "inatoka wapi?"

Niliona macho ya Adhiambo yakiwaka. Hilo ndilo swali nililokuwa nikimwombea. "Ilipikwa ndani ya nyota, Baba. Nyota kubwa iliyokufa kabla jua yetu haijawaka. Ilipolipuka ilimwaga chuma yake, na hiyo chuma ikaingia kwa udongo, kwa nanga, na kwa damu yako. Ile inafanya damu yako ikuwe nyekundu ni hiyo hiyo."

Mzee akautazama mkono wake. Akaitazama nanga. Kisha akawageukia wazazi, na mabaharia wake waliokuwa wamesimama mlangoni.

"Kwa hivyo mimi nimebeba nyota kwa mashua miaka hii yote," akasema, "na hakuna mtu ameniambia?"

Akavaa kofia yake.

"Nani anataka tufunge hii darasa? Asimame nimuone."

Hakusimama mtu. Halafu wale wamama wa wavu wakapiga vigelegele, wavu wakiwa bado wameushika, na ndimu ikaruka juu ikaanguka miguuni mwa Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akicheka huku anafuta macho. Mimi nilipiga kelele. Mtu mzima, mwalimu, mshirika wa kanisa, nilipiga kelele kama shabiki uwanjani, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Adhiambo alikuja mbio akanikumbatia, mikono yake inanuka mafuta ya taa. Opondo alitupitia akielekea mlangoni.

"Leo ubao haukuelewa chochote," akaniambia. "Umefundisha."

Giza la mwezi lililofuata mashua zote zilitoka. Tulisimama uwanjani baada ya chakula cha jioni, wasichana na mimi, tukizitazama taa zikijipanga ziwani, mpaka mwalimu wa zamu akaja kutufukuza.

Msidhani baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Kuna mwaka paa la maabara lilivuja juu ya kila kitu chenye umeme. Lakini lile somo halikuguswa tena na mtu. Wasichana walianza kulichagua, wengine kwa kupenda, wengine kwa kutaka kushika ndimu tu, na wote niliwapokea. Mzee Okumu alipobadilisha taa zake akanunua za sola, alitupakulia karabai zake za zamani kwenye veranda, mahali pa mbuzi. Kila alipokuja kwa mkutano alinitafuta kwanza. "Madam, ile nyota nyekundu pale kwa bega ya yule mwindaji wa nyota, ameshakufa ama bado?" Nilimwambia bado, ila ni mzee. "Hata mimi," alisema, akaenda zake akitabasamu.

Adhiambo alikwenda chuo kikuu akasoma fizikia, akaja kunionesha picha za nyota alizopiga mwenyewe kwa darubini ya chuo. Nilifikiri angebaki huko, na ningefurahi. Lakini nyinyi mnajua alikorudi, maana mnakaa naye meza moja. Niliposikia ndiye anayechukua darasa langu nilimpigia mama yangu simu Kibuye, nikampigia simu Opondo, nikampigia hata fundi wa cherehani.

Sasa niwaambie Ijumaa yangu ya mwisho, mchana, kwa sababu wengi wenu mlikuwa madarasani kwenu. Nilikuwa nimemwachia Adhiambo somo. Nilifika nimechelewa kidogo kwa ajili ya watu wa kuagana, nikasimama mlangoni. Alikuwa ameweka karabai mezani, ile ya siku ya wazazi. Hakuwa ameandika kitu ubaoni.

"Nani hapa amewahi kuwasha hii?" akawauliza.

Hakuna mkono ulioinuka. Hata mmoja. Watoto wa sola hao, wanabonyeza kidude tu na mwanga unatoka. Wengine walikuwa wakiuliza jirani zao hicho chombo ni cha nini. Moyo wangu ukashuka, walimu wenzangu, siwafichi. Niliona kazi yangu yote imezeeka juu ya ile meza, na nilitaka kuingia nimsaidie.

Adhiambo hakuhitaji msaada. Aliishika karabai, akaiinua wote waione.

"Basi hii ni nyota iliyokufa," akasema. "Sogeeni tuone imeacha nini."

Wakasogea. Akaifungua kipande kwa kipande, akawapa mikononi: tangi, skrubu, pampu, majivu ya kile kifuko. Mmoja akauliza presha ilikuwa inasukuma nini. Mwingine akauliza kwa nini ilihitaji kusukumwa. Wa tatu, wa nyuma kabisa, akauliza kama nyota nayo ina pampu, na hapo Adhiambo akanitazama kwa juu ya vichwa vyao, tukacheka wote wawili.

Nikaingia, nikatafuta mahali pa kukaa nisikilize somo lililobaki. Nilitazama benchi la kwanza, la pili, la kando ya dirisha, hata kile kiti kibovu cha nyuma alichokalia Opondo. Vyote vilikuwa vimejaa wasichana. Ndivyo nilivyomaliza kazi yangu, wapendwa: nimesimama wima ukutani, kwa sababu darasa la fizikia halikuwa na nafasi.